Aliyeshindwa Akamtikisa Rais

Ndugu msomaji, nilipokuwa sekondari mwalimu wetu wa historia alipenda kutuambia kwamba historia huandikwa na washindi. Tukanakili, tukafunga madaftari, tukaenda zetu kula. Leo naomba nimbishie kwa adabu zote. Ipo kura moja iliyopigwa Machi 12, 1968, ambapo aliyeshindwa alishangiliwa kama mshindi, na aliyeshinda hakumaliza mwezi kabla ya kutangaza kwamba hagombei tena.

Kwanza tuelewane. Kule Marekani, kabla ya uchaguzi wa rais wa Novemba, kila chama hutafuta mgombea wake. Wapiga kura wa majimbo hupiga kura ya mchujo, ambayo ni kama ndugu wa kura zetu za maoni ndani ya chama. Tofauti ni kwamba zao hazipigwi siku moja. Jimbo hili leo, lile wiki ijayo, mpaka miezi inakatika. Mwaka ule aliyefungua mlango alikuwa New Hampshire, kajimbo kadogo cha kaskazini mashariki, chenye theluji mpaka Machi na watu wasiofika laki nane. Chama cha Democratic kilikuwa na wajumbe zaidi ya 2,500 katika mkutano wake mkuu, na New Hampshire ilitoa 24 tu. Kwa hesabu za darasani, hao 24 si kitu.

Rais alikuwa Lyndon Johnson, aliyeshinda mwaka 1964 kwa asilimia 61 ya kura zote. Nani angethubutu kumgusa? Waliochoshwa na vita vya Vietnam walimwendea Seneta Robert Kennedy, akakataa. Mwishowe, Novemba 30, 1967, akajitokeza Seneta Eugene McCarthy wa Minnesota. Alikuwa mtu mpole, mwalimu wa zamani, na tena mtunzi wa mashairi. Naam, wenzangu mnaoficha beti nyuma ya daftari la hesabu, mwenzenu aligombea urais! Wakubwa wa chama wakacheka.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mwishoni mwa Januari 1968, wakati wa sikukuu ya mwaka mpya wa Kivietnam iitwayo Tet, majeshi ya Kikomunisti yalishambulia miji zaidi ya mia moja ya Vietnam ya Kusini. Wapiganaji wakapenya hata ndani ya uwanja wa ubalozi wa Marekani, Saigon. Walirudishwa nyuma, ni kweli, tena kwa hasara kubwa. Lakini serikali ilikuwa imewaambia wananchi kwamba mambo yanakwenda vizuri. Sasa mama mwenye mwana vitani anaangalia televisheni sebuleni, anajiuliza: kama tunashinda, mbona ubalozini kunapigwa risasi?

Hapo ndipo walipoingia vijana. Maelfu ya wanafunzi wa vyuo walimiminika New Hampshire, wengi wakitoka majimbo mengine. Waliokuwa na ndevu walinyoa, wenye nywele ndefu wakakata, wasichana wakavaa sketi za heshima. Walijua kwamba mzee wa kijijini akifungua mlango na kuona manywele, ataufunga hapo hapo. Basi wakatembea nyumba hadi nyumba kwenye baridi ile, wakibisha hodi, wakiongea kwa upole.

Na hapa, msomaji, nataka utulie kidogo. Umri wa kupiga kura katika sehemu kubwa ya Marekani wakati huo ulikuwa miaka 21. Wengi wa vijana wale walikuwa hawajaufikia, na hata walioufikia, kama si wakazi wa New Hampshire, hawakuwa na kura pale. Lakini kijana wa miaka 18 au 19 aliweza kuchukuliwa jeshini kwa lazima na kupelekwa kufa Vietnam. Ana umri wa kufa, hana umri wa kuchagua. Kwa hiyo waliomba kura ambazo wao wenyewe hawakuwa nazo.

Watu wa Johnson nao wakajikwaa wenyewe. Rais hakuliweka jina lake kwenye karatasi ya kura, ikabidi wafuasi waliandike kwa mkono. Ili kuhakikisha, viongozi wa chama jimboni wakagawa kadi zenye namba za kuahidi kumpigia Rais, na kipande kimoja cha kila kadi kilikuwa cha kupelekwa Ikulu. Watu wa McCarthy wakauliza: je, kura si siri tena? Wananchi wakanuna.

Kura zikahesabiwa. Johnson alipata asilimia 49 na ushei, McCarthy karibu 42. Kwa kura, Rais alishinda. Kumbe wafuasi wake waliogombea ujumbe walikuwa wengi kuliko nafasi, wakagawana kura, na McCarthy akaondoka na wajumbe 20 kati ya wale 24. Siku nne baadaye, Machi 16, Robert Kennedy, yule yule aliyekataa, akatangaza kugombea. Machi 31 Johnson akalihutubia taifa: anapunguza mabomu Vietnam ya Kaskazini, na hatautafuta wala kuukubali uteuzi wa chama chake.

Je, ni wajumbe 20 waliomwangusha? Hapana. Kabla ya siku ile kila aliyekuwa na shaka alidhani yuko peke yake, na wanasiasa walimwogopa Rais kwa sababu kila mmoja alimwona mwenzake anamwogopa. New Hampshire iliwaonyesha kwamba anagusika. Lakini tusijidanganye kwamba wote waliompigia McCarthy walitaka amani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waligundua baadaye kwamba wengi walimkasirikia Johnson kwa kutopigana vikali zaidi! Kura ni kama fumbo: aliyelitega ana lake, na anayelifumbua ana lake.

Na waliobisha hodi walipata nini? Kennedy alipigwa risasi Los Angeles usiku wa ushindi wake wa California, akafa Juni 6. Agosti, mjini Chicago, chama kikamteua Makamu wa Rais Hubert Humphrey, ambaye hakushindana katika kura hata moja ya mchujo, huku nje polisi wakiwatwanga vijana virungu. Novemba akashinda Richard Nixon wa Republican. Vita vikaendelea, na Wamarekani zaidi ya 20,000 wakafa baada ya Nixon kuapishwa, achilia mbali Wavietnam wasiohesabika.

Ila aibu ya Chicago ilikilazimisha chama kubadili kanuni, na tangu 1972 kwa kawaida kura za wananchi majimboni ndizo zinazotoa mgombea. Mwaka 1971 katiba ikarekebishwa, umri wa kupiga kura ukawa miaka 18.

Natamani kuandika riwaya siku moja. Nikiiandika hii, sitaanzia Ikulu. Nitaanza na kijana wa miaka 19, kidevu kinamuuma kwa wembe, amesimama kwenye theluji mbele ya mlango wa mtu asiyemjua. Kura hana. Anabisha hodi.