Ushahidi wa Damu

Wahenga walisema kwamba kitanda hakizai haramu. Kwa maneno hayo machache walimkinga mtoto na swali ambalo zamani hakuna mtu aliyeweza kulijibu kwa yakini. Mama hujulikana kwa kuzaa. Baba alijulikana kwa ndoa, kwa kukiri, au kwa sura ya mtoto. Ndoa na kukiri ni nguzo imara, lakini sura ni shahidi kigeugeu: watu wasio na udugu hufanana, na ndugu wa tumbo moja wakatofautiana. Katika karne ya 20 alitokea shahidi mwingine, naye ni damu. Elimu ilimfahamu mapema. Sheria ilikawia kumsikiliza.

Mwaka 1901, katika mji wa Vienna, daktari Karl Landsteiner alitangaza matokeo ya jaribio jepesi. Alichukua damu yake na ya wenzake kazini, akatenga chembe nyekundu na maji ya damu, kisha akachanganya chembe za huyu na maji ya yule. Pengine mchanganyiko ulitulia; pengine chembe ziligandamana vidonge vidonge. Kwa dalili hiyo alipambanua makundi matatu ya damu, na la nne likaonekana mwaka 1902. Leo makundi hayo huitwa A, B, AB na O.

Mwaka 1910, huko Heidelberg, Emil von Dungern na Ludwik Hirszfeld walionyesha, kwa kupima wazazi pamoja na watoto wao, kwamba kundi la damu ni urithi, nao hufuata kanuni ambazo mtawa Gregor Mendel alizipata katika mimea ya njegere. Hata hivyo, maelezo yao juu ya njia ya urithi huo yalikuwa na kasoro. Aliyeisahihisha hakuwa daktari, bali mwanahisabati, Felix Bernstein wa Göttingen, mwaka 1924.

Kanuni yake ni hii. Kila mtu ana mafungu mawili ya urithi wa damu, moja la baba na moja la mama. Fungu laweza kuwa A, B au O. A na B zikikutana hudhihirika zote mbili. O hujificha nyuma ya mojawapo, wala haionekani ila ikutane na O mwenzake. Kwa hiyo mume na mke wa kundi A waweza kumpata mtoto wa kundi O, pasiwe na neno la kumlaumu mama. Bali wazazi wawili wa kundi O hawana cha kumrithisha mtoto ila O. Na mzazi wa kundi AB, kwa kuwa hana fungu la O, hatarajiwi kumzaa mtoto wa kundi O.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya shahidi huyu, na ndipo ulipo mpaka wake. Damu yaweza kukana, kukiri haiwezi. Mtu ambaye kundi lake linapatana na la mtoto aweza kuwa baba, kama wawezavyo maelfu ya wanaume wengine wa kundi hilo. Lakini asiye na fungu ambalo mtoto analo, wala mama hana, huondolewa katika orodha.

Mahakama za Ujerumani zilianza kuupokea ushahidi huo katika miaka ya 1920. Za California zilisita, na kusita kwao kulijulikana ulimwenguni kwa kesi ya Charlie Chaplin, mchekeshaji wa sinema, aliyedaiwa kuwa baba wa mtoto aliyezaliwa mwaka 1943. Madaktari watatu walipima damu mwaka 1944: mama alikuwa wa kundi A, mtoto B, na Chaplin O. Fungu la B halikutoka kwa mama, na Chaplin hakuwa nalo. Juu ya hayo, mtoto aliletwa mahakamani ili sura yake ilinganishwe na ya mdaiwa, na mwaka 1945 raia walioteuliwa kuamua kesi walisema kwamba Chaplin ndiye baba. Mahakama ya rufani iliuthibitisha uamuzi huo mwaka 1946, ikishika kwamba ushahidi wa damu ni mmoja tu miongoni mwa mengine. Sura, shahidi kigeugeu, ilisikilizwa; damu ikapuuzwa. Mwaka 1953 California ilitunga sheria ya kuupa upimaji wa damu nguvu ya kumtoa mtu katika madai ya namna hiyo.

Lakini elimu nayo ilipata funzo la unyenyekevu. Mwaka 1952 madaktari wa Bombay, nchini India, waliwaeleza watu wachache ambao damu yao huonekana kama ya kundi O, ilhali waweza kuwa na fungu la A au B lisilojidhihirisha. Katika miaka ya 1980 ulikuja upimaji wa vinasaba, ambao hukana na pia huthibitisha kwa nguvu iliyozidi ile ya makundi ya damu.

Hivyo swali walilolifunika wahenga sasa lina jibu. Jibu hilo laweza kumtua mtu mzigo usio wake, nayo ni haki. Lakini mtoto hakuchagua mafungu yake, na malezi anayohitaji hayapimwi kwa chembe wala kwa maji ya damu. Hekima ya methali ya kitanda haijachakaa.