Maktaba za shule za msingi: Vitabu vipya, tarakilishi na kufuli kabatini

KATIKA shule nyingi za msingi za umma nchini Kenya, maktaba si jengo. Ni kabati la chuma lililo katika afisi ya mwalimu mkuu, nalo lina kufuli. Ndani yake mna vitabu vya kiada vinavyosubiri kugawanywa, hadithi chache zilizochakaa na, tangu miaka ya Mpango wa Elimu ya Kidijitali, vishikwambi vilivyopangwa kwa safu kama sahani za wageni.

Hali hii ina historia yake. Serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipoondoa karo katika shule za msingi mnamo Januari 2003, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 mwaka 2002 hadi kupita milioni 7 katika muda mfupi. Kila mtoto alitengewa Sh1,020 kwa mwaka, na kati ya hizo Sh650 ziliingia katika akaunti iliyojulikana kama SIMBA, ya vifaa vya masomo. Fedha hizo zilipaswa kununua vitabu vya kiada, madaftari, kalamu, chaki na pia vitabu vya ziada. Mwalimu mkuu aliyeona watoto watatu wakiinamia kitabu kimoja cha Hisabati hangeweza kulaumiwa kwa kuanza na Hisabati. Hadithi zikawa za mwisho katika orodha, na mara nyingi fedha ziliisha kabla orodha haijafika huko.

Mpango wa Tusome, uliosambazwa kote nchini kuanzia mwaka 2015, ulipunguza uhaba kwa kuwapa wanafunzi wa madarasa ya chini nakala zao wenyewe za vitabu vya Kiswahili na Kiingereza. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, kitabu cha darasani humfunza mtoto kusoma. Hakimpi cha kusoma baadaye. Anayekimaliza mwezi wa Juni na asipate kingine hadi Januari hupoteza sehemu ya alichokipata.

Vishikwambi navyo vilitokana na ahadi ya kampeni za mwaka 2013. Baada ya mivutano ya zabuni, majaribio yalifanywa katika shule 150 mwaka 2016, kisha vifaa zaidi ya milioni moja vikasambazwa katika shule zaidi ya 20,000. Mbali na vifaa vya wanafunzi na vya walimu, shule ilipokea projekta, ruta na seva ndogo yenye masomo. Seva hiyo haikuzungumziwa sana majukwaani, ilhali kwa maktaba ndiyo yenye thamani kuu. Seva ya aina hiyo hukipa kifaa chochote kilicho karibu yale yaliyohifadhiwa ndani yake, bila intaneti na bila bando. Kuna programu za bure, kama vile Kolibri na Kiwix, zinazowezesha hata tarakilishi kuukuu kuhifadhi masomo, vitabu na makala ya Wikipedia, yakiwemo ya Kiswahili, yakasomwa mahali ambapo mtandao haufiki kabisa.

Mbona basi vifaa vingi vikabaki kabatini? Jibu la kwanza ni hofu. Kifaa kikiibwa, anayeandika ripoti kwa polisi na kuitwa na wakubwa ni mwalimu mkuu. Kikikaa miaka mitatu bila kuguswa, hakuna anayeulizwa, ingawa betri iliyoachwa bila kuchajiwa kwa muda mrefu hufa vilevile. Utaratibu unaomwadhibu anayetumia na kumsamehe anayefungia hauwezi kuzaa maktaba.

Suala la uandishi wa programu za kompyuta, yaani kodingi, liliongezeka mnamo Aprili 2022 pale Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) ilipoidhinisha silabasi ya kampuni ya Kodris Africa kwa shule za msingi na za upili. Wazazi wengi walidhani somo hilo ni la shule zenye maabara ya tarakilishi peke yake. Sivyo. Msingi wake ni kutoa maagizo yaliyo wazi, kwa mpangilio, bila kuruka hatua, na hilo laweza kuanza katika maktaba isiyo na umeme.

Tuchukue mfano wa rafu yenye vitabu 500 vilivyopangwa kwa alfabeti. Mwanafunzi anatafuta kitabu kimoja. Anachomoa kilicho katikati kabisa. Ikiwa anachokitafuta huja baadaye kialfabeti, anaiacha nusu ya kushoto na kuigawa ile ya kulia tena katikati. Akiendelea hivyo, hatahitaji kuchomoa zaidi ya vitabu tisa. Rafu ikiwa imevurugika, huenda akapekua vyote 500. Hii ni njia ile ile ambayo tarakilishi hutumia kutafuta jina katika orodha ndefu iliyopangwa, na mtoto wa Gredi ya 4 huielewa kwa mikono yake kabla hajaona skrini. Baadaye vishikwambi au tarakilishi zikitoka kabatini, kuna Scratch, programu ya bure iliyozinduliwa mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani, ambayo mtoto huunganisha vipande vya maagizo kama matofali na kuona mchoro ukitembea, ukigeuka au ukisimulia hadithi aliyoitunga mwenyewe. Yaweza kuwekwa katika tarakilishi na kutumiwa bila mtandao.

Kuhusu vitabu vipya, tahadhari moja inafaa. Kontena la vitabu vilivyokwisha kutumika ng'ambo hujaza rafu upesi, lakini mara nyingi vitabu hivyo ni vigumu mno, ni vya zamani au vinahusu mambo ambayo msomaji wa miaka minane hawezi kuyawazia. Rafu imejaa na watoto hawaikaribii. Hadithi fupi 50 za Kiswahili na za lugha ya nyumbani hufanya kazi kubwa kuliko shehena hiyo. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini na kufanyiwa majaribio Kenya pia, hutoa hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika kwa leseni huria: mwalimu anaruhusiwa kuzichapisha, kuzitafsiri na hata kuongeza zilizotungwa na wanafunzi wake.

Linalobaki ni mtu. Shule za msingi za umma hazina mkutubi. Kazi hiyo huwa zigo la ziada la mwalimu mwenye vipindi vyake. Mwalimu huyo akipewa saa maalumu katika ratiba, daftari la kuazima na wasaidizi kutoka Gredi ya 5 na ya 6, na bodi ya usimamizi ikikubali mapema kwamba vitabu kadhaa vitachanika au kupotea kila mwaka, maktaba huweza kutembea.

Na kutembea si lugha ya mafumbo. Tangu mwaka 2023 madarasa ya sekondari ya msingi yamewekwa katika shule za msingi, na palipokuwa na chumba cha vitabu sasa kuna madawati ya Gredi ya 7. Shirika la Huduma za Maktaba la Kenya (KNLS) lilishapata jawabu la uhaba wa majengo mwaka 1996 huko Garissa, lilipoanza kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia. Shule isiyo na chumba yahitaji kisicho kikubwa hata hivyo: sanduku lenye kamba, watoto wawili wa kulibeba na zamu ya kila darasa iliyoandikwa ukutani.