Mji Uliojengwa juu ya Mlima



Juma hili tunawaalika kuitazama historia ya taifa ambalo jina lake halikauki midomoni mwa watu, yaani Marekani. Wapo wanaolisifu kana kwamba uhuru ulizaliwa huko. Wapo pia wanaolilaumu kana kwamba kila neno jema lililotamkwa huko lilikuwa unafiki mtupu. Sisi tunaona kwamba ukweli unadai subira zaidi. Maneno makubwa ya taifa lile, uhuru, usawa na haki ya dhamiri, hayakushuka kutoka juu yakiwa yamekamilika. Yalizaliwa katika mahubiri, katika vitabu vya wanafalsafa na katika machozi ya watu waliofukuzwa makwao. Na katika simulizi hilo sisi Wakatoliki tumo: mara tukionewa, na mara, kwa aibu yetu, tukiwaonea wengine.

Waliokimbia mateso

Mwaka 1620, kabla ya kushuka katika merikebu Mayflower, wanaume 41 walitia sahihi makubaliano mafupi. Waliahidiana mbele ya Mungu kuwa jamii moja na kuzitii sheria watakazojitungia. Miaka kumi baadaye, mwaka 1630, Wapuritani wengi zaidi walivuka bahari kutoka Uingereza wakiongozwa na John Winthrop. Katika hotuba inayokumbukwa hadi leo, aliwafananisha wenzake na ule mji uliojengwa juu ya mlima, ambao Bwana wetu anautaja katika sura ya tano ya Injili ya Mathayo. Winthrop hakuwa akijisifu. Alikuwa akionya kwamba macho ya watu wote yangewaelekea, na kwamba wakilivunja agano lao na Mungu wangekuwa kicheko cha ulimwengu.

Tuliangalie neno hilo: agano. Wapuritani walilichota katika Agano la Kale, wakaliweka katika maisha ya kanisa, kisha katika utawala wa miji yao. Kutoka hapo ilikua polepole fikra kwamba serikali halali husimama juu ya ridhaa ya watu, na kwamba mtawala naye yuko chini ya sheria.

Hata hivyo, uhuru walioutafuta ulikuwa uhuru wao wenyewe. Mchungaji Roger Williams alipofundisha kwamba serikali haina mamlaka juu ya dhamiri ya mtu, aliamriwa mwaka 1635 kuondoka Massachusetts. Mwaka uliofuata alianzisha makazi ya Providence katika ardhi aliyopewa na Wanarragansett, wenyeji wa nchi ile. Mary Dyer, mwanamke wa Jumuiya ya Marafiki, yaani Wakwekeri, alikataa kuacha kuhubiri akanyongwa mjini Boston mwaka 1660. Mkuki kwa nguruwe, walisema wahenga, kwa binadamu mchungu.

Misa katika kisiwa cha Mtakatifu Klementi

Wakatoliki nao walitafuta kimbilio. Mfalme wa Uingereza alimpa Cecil Calvert, bwana Mkatoliki, hati ya kuanzisha koloni la Maryland mwaka 1632. Tarehe 25 Machi 1634, sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria, Padre Andrew White wa Shirika la Yesu aliadhimisha Misa Takatifu katika kisiwa kilichopewa jina la Mtakatifu Klementi.

Calvert alijua kwamba Wakatoliki wangekuwa wachache hata katika koloni lao. Mwaka 1649 baraza la Maryland lilipitisha sheria kwamba Mkristo yeyote asisumbuliwe kwa sababu ya imani yake. Ilikuwa hatua kubwa kwa zama zile, ingawa ilikuwa na mpaka mkali: aliyeukana Utatu Mtakatifu aliweza kuhukumiwa kifo. Nayo haikudumu. Baada ya maasi ya mwaka 1689 utawala uliwatoka Wakatoliki. Mwaka 1704 mapadre walikatazwa kuadhimisha Misa, kisha ikaruhusiwa ndani ya nyumba za watu tu. Mwaka 1718 Wakatoliki walinyang'anywa hata haki ya kupiga kura. Kwa muda mrefu babu zetu katika imani walimwabudu Mungu huko kwa kujificha, katika nchi ambayo wao wenyewe waliifungua kwa wote.

Mito miwili yakutana

Katika karne ya 18 mito miwili iliunywesha ule udongo. Wa kwanza uliitwa Mwamko Mkuu. Kuanzia miaka ya 1730, wahubiri kama Jonathan Edwards na George Whitefield waliwaita watu waongoke mmoja mmoja. Whitefield alihubiri viwanjani kwa wakulima, watumishi na watumwa. Watu wa kawaida walijifunza kwamba wanaweza kumpima mhubiri aliyewekwa na wakubwa, na wakiona vema, wakamwacha. Aliyezoea kuuliza hivyo kanisani hakukawia kuuliza hivyo kuhusu mfalme.

Mto wa pili ulikuwa falsafa ya Zama za Mwangaza. Mwingereza John Locke aliandika kwamba binadamu huzaliwa na haki ambazo serikali haikumpa, na kwamba kazi ya serikali ni kuzilinda. Thomas Jefferson na Benjamin Franklin walimsoma kwa bidii. Jefferson hakukubali Umungu wa Kristo, na Wabaptisti wa Virginia walikuwa waamini motomoto wa Injili. Lakini wahubiri wa Kibaptisti walikuwa wakitupwa gerezani kwa kuhubiri bila kibali, na James Madison, rafiki wa Jefferson, alichukizwa na jambo hilo. Hivyo wenye shaka na wenye imani kali wakashikana mikono. Matunda yake yalikuwa sheria ya uhuru wa dini ya Virginia, iliyopitishwa mwaka 1786, na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya mwaka 1791, yaliyoizuia serikali ya shirikisho kuanzisha dini ya taifa au kuzuia ibada.

Katika watu 56 waliotia sahihi Azimio la Uhuru la mwaka 1776, Mkatoliki alikuwa mmoja tu, Charles Carroll wa Maryland. Alipozaliwa, sheria ya koloni lake haikumruhusu Mkatoliki kupiga kura wala kushika wadhifa. Binamu yake, Padre John Carroll, aliteuliwa mwaka 1789 kuwa Askofu wa kwanza wa Baltimore, na wa kwanza kwa Marekani nzima. Waliokuwa wakijificha sasa walitoka nje.

Kidonda

Wapendwa, tungeishia hapa simulizi lingekuwa tamu, lakini lisingekuwa la kweli. Mwaka 1619, kabla hata ya Mayflower, Waafrika waliotekwa walifikishwa Virginia na kuuzwa. Jefferson, mwandishi mkuu wa azimio lililotangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa, alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Charles Carroll, Mkatoliki wetu, alimiliki mamia.

Hatuwezi kujitetea kwa kusema kwamba hakuna aliyejua. Mwaka 1688 waumini wanne wa Germantown, Pennsylvania, waliandika kuupinga utumwa kwa msingi wa ile amri ya kumtendea mwenzako kama unavyotaka utendewe. John Woolman, fundi cherehani Mkwekeri, alitembea nyumba kwa nyumba akiwasihi ndugu zake katika imani wawaachilie watumwa wao. Mwaka 1776 ule ule, Wakwekeri wa Philadelphia walikataza muumini wao yeyote kumiliki mtumwa. Ni jumuiya hiyo ambayo wamisionari wake walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902.

Na sisi? Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland, warithi wa Padre White, walifanya makubaliano ya kuwauza watu 272, wazee, akina mama na watoto, kwa wenye mashamba wa Louisiana. Wengi wao walikuwa wamebatizwa. Sehemu ya fedha ililipa madeni ya chuo cha Georgetown. Mwaka uliofuata Papa Gregori XVI alitoa barua ya kulaani biashara ya watumwa, lakini watu wale walikuwa wamekwisha kuuzwa. Mwaka 2017 Wajesuiti na chuo hicho waliomba msamaha hadharani mbele ya wazao wao.

Jiwe walilolikataa waashi

Hata hivyo neno likishatamkwa halirudi kinywani. Mwaka 1777 Waafrika wa Massachusetts, akiwemo Prince Hall, waliliandikia baraza la jimbo wakidai uhuru kwa hoja zile zile zilizotumika dhidi ya mfalme. Mwaka 1852 Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani, aliwauliza Wamarekani sikukuu yao ya uhuru ina maana gani kwa mtumwa. Walioachwa nje ya ahadi ndio walioishika kwa uaminifu zaidi.

Tumkumbuke hasa Augustus Tolton. Alizaliwa mtumwa Missouri mwaka 1854 na kubatizwa Mkatoliki. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mama yake alitoroka na watoto wake, wakavuka mto Mississippi hadi Illinois. Kijana alipotaka upadre, hakuna seminari ya Marekani iliyompokea. Alisoma Roma, akapadrishwa mwaka 1886. Alitazamia kutumwa Afrika, lakini Roma ikamrudisha kwa wale wale waliomkataa. Aliwahudumia maskini wa Quincy na Chicago mpaka alipofariki mwaka 1897, akiwa na miaka 43. Mwaka 2019 Kanisa lilimtangaza kuwa Mheshimiwa.

Tarehe 7 Desemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko Dignitatis Humanae, ukifundisha kwamba uhuru wa dini una mizizi yake katika hadhi ya binadamu. Mmoja wa wataalamu waliochangia sana ni Padre John Courtney Murray, Mjesuiti wa Marekani. Kile ambacho Maryland ilikijaribu kwa woga, Kanisa zima sasa lilikitamka waziwazi.

Tunajifunza nini? Kwamba kumiliki maneno mazuri si kuyaishi. Mpuritani alidai dhamiri yake akaikanyaga ya jirani. Mkatoliki alilia kwa kunyimwa kura huku akimfunga ndugu yake minyororo. Nasi tujiulize, katika nyumba zetu, jumuiya zetu ndogondogo na parokia yetu: ni nani ambaye tunamnyima kile tunachojidai wenyewe? Mtumishi wa ndani? Mgeni? Jirani wa dini nyingine? Mji ulio juu ya mlima huonekana na wote, pamoja na nyufa zake.

Mungu atujalie kuyatenda tunayoyakiri. Tunawatakia Dominika njema.