Soksi za Remmy: kwa nini wimbo mmoja una maana nyingi

UKIMWI ulipokuwa ukienea Tanzania, Remmy Ongala wa Super Matimila aliimba "Mambo kwa Soksi". Soksi humo ni kondomu. Radio Tanzania haikuupiga wimbo huo, lakini watu waliupenda katika kumbi za dansi. Remmy, mzaliwa wa Kindu, Kongo, alifariki Dar es Salaam mwaka 2010.

Wimbo huo kijana aweza kuucheza tu. Aliyemuuguza ndugu yake husikia onyo. Maneno ni yaleyale, ila kila mtu huyasikia kwa yaliyompata.

Msikilizaji wetu wa Masieda, wimbo ukikugusa, tunakushauri ujiulize: ni neno gani limenigusa, na limenikumbusha nini? Jibu lako ndilo maana yako.