Kosa si la mshale

Wiki hii, ndugu zangu, nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo kama kifungo cha koti: betri ya kamera. Najua wapo watakaoguna. Katika dunia hii ya bei ya unga na foleni za asubuhi, betri ya kamera nayo ni habari? Nawaomba subira kidogo.

Mpwa wangu, kijana wa chuo, aliikuta kamera ya marehemu baba yangu, yaani babu yake, ndani ya sanduku la bati chini ya mashuka. Ni kamera ya filamu ya Kijapani, ya miaka ya mwisho ya 1960, nzito kama nyundo. Vijana wa leo, waliokulia kwenye simu zinazopiga picha elfu moja bila kunung'unika, wameanza tena kuzipenda kamera hizi. Akanunua filamu ya picha 36 kwa fedha ya kuumiza, akanunua na betri ya kidonge kwa wauza saa. Alipoitia, mshale wa kipima-mwanga ukanyanyuka.

"Mjomba, nzima kabisa!" akaniambia.

Akapanda basi kwenda kijijini kuipiga picha nyumba ya babu yake kabla haijavunjwa kupisha barabara. Filamu iliporudi kutoka kusafishwa, picha zote zilikuwa giza. Ukuta wa chokaa ulikuwa rangi ya majivu, baraza limemezwa na kivuli, na bibi yake aliyeketi mlangoni anaonekana khanga tu, uso haupo. Wakati huo nyumba yenyewe ilikuwa imekwisha kuwa kifusi.

Nikamchukua kijana na kamera yake hadi kwa mzee mmoja fundi wa saa, ambaye zamani alitengeneza kamera pia. Tulipomwamkia na kumweleza kisa chetu, hakushika bisibisi. Alifungua kifuniko cha chini kwa sarafu, akatazama ndani.

"Humu umetia betri gani, mjukuu wangu?"

"Ya saa, babu. Ile iliyoingia."

"Basi kosa si la mshale," akasema mzee. "Mshale husema unavyoambiwa na betri."

Neno hilo, wapenzi wasomaji, lina historia ndefu nyuma yake.

Mwaka 1873 Mwingereza Willoughby Smith, aliyekuwa akipima nyaya za telegrafu za chini ya bahari, alitangaza kwamba madini ya seleniamu hupitisha umeme vizuri zaidi yakimulikwa. Baadaye ikajulikana kwamba seleniamu yaweza hata kuzalisha umeme kidogo yenyewe ikipata mwanga. Hapo ndipo kipima-mwanga cha umeme kilipopata mbegu yake, lakini mbegu ilichelewa kuota. Kwa miaka mingi mpiga picha aliendelea kupima jua kwa jicho, kwa mazoea na kwa majedwali. Mnamo mwaka 1932 kampuni ya Weston ya Marekani ilianza kuuza kipima-mwanga cha seleniamu cha kushika mkononi. Mwaka 1935 Zeiss Ikon ya Ujerumani ikatoa Contaflex, kamera iliyobeba kipima-mwanga ndani ya mwili wake.

Vipima-mwanga hivyo vya seleniamu havikuhitaji betri. Utavitambua kwa kile kioo chenye vinundu vinundu kama sega la nyuki. Ubaya wake ni mmoja: seleniamu huzeeka. Ikichoka, mshale hulala, na hakuna dawa ila kubadilisha kile kipande chenyewe.

Katika miaka ya 1960 Wajapani wakaja na kitu kingine, kadimiamu salfaidi. Hiki huhisi mwanga mdogo sana, hata wa taa ya chumbani, na ni kidogo kiasi cha kuweza kuwekwa ndani ili kipime mwanga uleule uliopita kwenye lenzi. Topcon walitangulia mwaka 1963, Pentax wakafuata na Spotmatic mwaka 1964. Lakini kadimiamu salfaidi haizalishi umeme. Inapunguza au kuongeza tu njia ya umeme kupita. Kwa hiyo lazima iwepo betri, na katika kamera nyingi za wakati ule betri hiyo ilitakiwa iwe haibadiliki, kwani volti za betri zikiyumba na kipimo huyumba.

Betri ya namna hiyo ilikuwapo tayari. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia betri za kawaida za jeshi la Marekani ziliharibika upesi katika joto la nchi za tropiki. Mvumbuzi Samuel Ruben akatengeneza betri ya zebaki. Sifa yake kubwa ilikuwa uaminifu: ilitoa volti 1.35 siku ya kwanza, na ikaendelea hivyo karibu hadi siku ya kufa kwake. Watengenezaji wa kamera wakaifanya kipimo chao. Wakapanga mshale, waya na namba zote wakiamini kwamba volti 1.35 zitakuwapo daima.

Betri aliyoitia mpwa wangu ni ya alikali. Ikiwa mpya hutoa volti 1.5, kisha hushuka polepole kadiri inavyotumika. Mshale ukipata nguvu ya ziada hupanda kupita kiasi, na kamera husema jua ni kali kuliko lilivyo. Mpiga picha naye, kwa utii, huliziba tundu la lenzi. Mwanga unaoifikia filamu unakuwa haba, na picha inatoka giza. Mbaya zaidi, kosa lenyewe halilingani: juani ni jingine, kivulini ni jingine, na wiki ijayo betri ikichoka litakuwa jingine tena.

Mzee alituonyesha jinsi ya kuikagua kamera kama hiyo, nami nawapa mliorithi kama yetu. Kwanza, tazama chumba cha betri. Ukiona unga mweupe au kutu ya kijani, pangusa kwa pamba yenye siki kidogo, kisha spiriti, uache pakauke. Pili, ukitia betri na mshale usitikisike kabisa, yaelekea waya wa chini umeliwa na kutu. Hiyo ni kazi ya kulehemu, mpelekee fundi. Tatu, mshale ukicheza, usiuamini bado. Upime kwa jua. Siku isiyo na wingu, jua likiwa kali, weka filamu ya 100, tundu la lenzi f16, na kasi ya 1 chini ya 125. Elekeza kamera kwenye majani mabichi yaliyopigwa na jua. Mshale ukikaa katikati au karibu na hapo, una afya. Ukiwa mbali, umepotoka.

Hiyo kanuni ya jua na f16 ni ya zamani, na karatasi zilizokuja ndani ya maboksi ya filamu zilichorwa jua na wingu kuifundisha. Wapiga picha wengi wa mitaani kwetu waliijua kwa moyo, wakakulisha picha safi ya harusi bila mshale wowote.

Na dawa ya betri? Betri ya zinki na hewa, ile ndogo ya vifaa vya kusaidia kusikia, hutoa kama volti 1.4 na haiyumbi sana. Ni nyembamba kwa umbo, hivyo hutiwa kipete cha kuijaza nafasi. Ukiibandua karatasi yake ikaanza kuvuta hewa, hufa baada ya muda hata usipopiga picha. Njia nyingine ni betri ya oksidi ya fedha yenye volti 1.55, ikipunguzwa nguvu kwa dayodi ndogo ambayo fundi huiunganisha.

"Babu," mpwa wangu akauliza, "kwa nini tusinunue tu ile ya zebaki?"

Haiuzwi tena, na kuna sababu. Huko Minamata, mji wa wavuvi kusini mwa Japani, kiwanda cha kemikali cha Chisso kilimwaga zebaki baharini kwa miaka mingi. Samaki waliila, watu wakawala samaki. Paka walianza kuyumba kama walevi, kisha watoto na wazee wakapooza. Ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, lakini kiwanda hakikuacha kumwaga sumu hiyo hadi 1968. Mwaka 1971 mpiga picha Mmarekani W. Eugene Smith na mkewe Aileen walihamia Minamata, na picha zao zikaionyesha dunia. Betri hazikuwaua watu wa Minamata. Lakini katika miaka hiyohiyo kamera nyingi duniani zilitembea na zebaki tumboni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nchi za Ulaya na Marekani zilizipiga marufuku betri hizo katika miaka ya 1990. Mwaka 2013 mataifa yalitia saini mkataba uliopewa jina la Minamata, ukaanza kufanya kazi mwaka 2017, ukaweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kusafirisha bidhaa nyingi zenye zebaki. Nasi tusidhani ni mambo ya Wajapani. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huko kwetu kandokando ya Ziwa Viktoria wamekuwa wakiishika zebaki kwa mikono mitupu na kuichoma karibu na nyumba zao.

Kwa hiyo kamera ya baba haina hatia. Ilifundishwa kuamini kipimo kimoja, na kipimo hicho dunia imekiondoa kwa haki. Kabla hatujakitupa chombo cha wazee wetu kwa kusema ni kibovu, tuulize kwanza kilitengenezwa kiamini nini.

Tulipokuwa tukiaga, mzee alivuta kopo la maziwa ya unga kutoka chini ya meza. Lilijaa betri za zebaki zilizokufa, alizozitoa ndani ya kamera na saa za watu kwa miaka yote ya kazi yake.

"Jalalani siwezi kuzitupa," akasema. "Watoto huokota pale, na jioni huchoma taka. Lakini nikifa mimi, mwanangu, kopo hili nani atalitunza?"

Sikuwa na jibu. Nalileta swali hilo kwenu, na hasa kwa wale ambao kazi yao ni kulijibu.