Mbao za Ujenzi wa Nyumba: Taratibu za Kuzipata kwa Njia Halali

Mwananchi anayejenga nyumba yake kwa mbao za hapa nchini ana vyanzo vitatu vikuu: mashamba ya miti ya Serikali, mashamba ya watu binafsi na misitu ya vijiji.

Mashamba ya Serikali husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kubwa zaidi ni Sao Hill, wilayani Mufindi, Mkoa wa Iringa, lenye misindano, ambayo wengi huiita paina, na mikaratusi. Mitiki hupatikana katika mashamba ya Longuza mkoani Tanga na Mtibwa mkoani Morogoro. Mbao za paina ni nyepesi na hupigika misumari kwa urahisi, hivyo hutumika zaidi kwa kenchi na papi. Mitiki na mninga hufaa kwa milango na madirisha.

Uvunaji husimamiwa na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002. Miti ya asili kama mninga, mkongo na mvule haikatwi bila kibali. Anayehitaji miti kutoka msitu wa kijiji huanzia kwa halmashauri ya kijiji, na uvunaji hufuata mpango wa usimamizi wa msitu huo.

Mnunuzi anapaswa kudai stakabadhi ya malipo na kuhakikisha mzigo una hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ambayo aina na idadi ya mbao zake zinalingana na mzigo wenyewe. Mzigo usio na nyaraka huweza kukamatwa katika kituo cha ukaguzi na kutaifishwa, na hasara humwangukia mwenye nyumba ambaye huenda alikwisha kulipa fedha zote.

Uhalali pekee hautoshi. Mbao mbichi hupinda na kupasuka zikikauka juu ya paa, misumari hulegea na bati hufunguka upepo unapovuma. Mbao zipangwe kivulini, juu ya matofali, zikitenganishwa kwa vipande vya mbao ili hewa ipite, na juu ziwekwe uzito wa kuzuia kupinda. Ubao uliokauka huwa mwepesi kuliko mbichi wa kipimo kilekile.

Paina isiyotiwa dawa hushambuliwa na mchwa. Mbao zilizotiwa dawa kiwandani mara nyingi huwa na rangi ya kijani. Zikikatwa, ncha zake zipakwe dawa upya. Mabaki yake yasitumike kama kuni kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zina aseniki, ambayo ni sumu.

Kabla ya kulipa, mwananchi anashauriwa kufika ofisi ya Mhifadhi Misitu wa Wilaya ili kupata maelezo kuhusu vibali, tozo zinazotumika na wauzaji waliosajiliwa. Hatua hiyo humlinda mjenzi na pia msitu utakaohitajika na wajenzi wa baadaye.