Mnyororo na lama ya tronsoneze: namba tatu za kusoma kabla ya kununua

Katika 2 Wafalme 6, wana wa manabii walishuka Yordani kukata miti ya kujengea makao yao. Chuma cha shoka kikachomoka na kuzama majini, na aliyekuwa akikata akalia kwa sababu shoka lenyewe lilikuwa la kuazima. Makanisa mengi ya huku kwetu, kutoka Bukavu kuelekea Bunyakiri, Mwenga hadi Shabunda, yanaijua hali hiyo. Mbao za paa na za mabenchi hupasuliwa pale pale mti ulipoangukia, kwa tronsoneze ya kukodi au ya ndugu mmoja. Mnyororo ukikatika, hasara haiishii kwenye sadaka, maana kipande kinachoruka kinaweza kumuua mtu. Ndiyo maana tunawaandikia kamati za ujenzi na vijana wanaotumwa mjini kununua piesi.

Vitu vitatu hukaa pamoja: mnyororo wenyewe, lama (kile chuma kirefu kinachoubeba), na pinyo, yaani gurudumu la meno linaloukokota karibu na mota. Kimoja kisipolingana na vingine, vyote huharibika.

Namba ya kwanza ni pasi. Chukua ribiti tatu zinazofuatana bila kuruka, pima kutoka ya kwanza hadi ya tatu, kisha gawanya kwa mbili. Ukipata karibu milimita 8.25, mnyororo ni wa 0.325, milimita 9.3 ni 3/8, milimita 10.26 ni 0.404. Hizo ni inchi, na ndivyo zinavyoandikwa kwenye lama, karibu na mahali inapofungwa. Pasi ya mnyororo lazima iwe ile ile ya pinyo, na ya kigurudumu cha ncha ya lama kama kipo. Isipokuwa hivyo, meno ya chini hupanda juu ya meno ya pinyo, mnyororo hurukaruka na mwisho hukatika.

Namba ya pili ni unene wa meno ya chini, yale yanayopita ndani ya mfereji wa lama. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Unene wa kawaida ni milimita 1.1, 1.3, 1.5 na 1.6. Mnyororo wa 3/8 wenye unene wa 1.5, unaotumika sana kwenye Husqvarna, na ule wa 3/8 wenye 1.6 uliozoeleka kwenye Stihl, kwa macho ni mmoja. Ule wa 1.6 haushuki katika mfereji wa 1.5, kwa hiyo kosa linaonekana mara moja. Lakini ule wa 1.5 unaingia kwa urahisi katika mfereji wa 1.6, na fundi anafurahi. Kisha unaanza kulala upande, ubao unatoka umepinda, kingo za lama zinalika upande mmoja, na kijana analaumiwa kwamba hajui kushika mashine.

Kwenye minyororo ya Stihl kuna msaada. Mbele ya kila jino la kukatia kuna namba ndogo ya pasi: 2 ni 0.325, 3 ni 3/8, 4 ni 0.404, na 6 ni 3/8 ile ndogo ya mashine nyepesi. Kwenye meno ya chini, 3 ni milimita 1.3, 5 ni 1.5, 6 ni 1.6. Ile Stihl 070 kubwa ya wapasuaji wa mbao kwa kawaida huvaa 0.404 yenye 1.6. Lakini mashine iliyopita mikono mingi huenda ilishabadilishwa pinyo, kwa hiyo fungua kifuniko uangalie.

Namba ya tatu ni hesabu ya meno ya chini. Usiseme dukani, «nipe ya sentimita 50», kwa sababu lama za urefu mmoja kwenye mashine mbili tofauti zinaweza kudai hesabu tofauti. Hesabu jino kwa jino, na mnyororo mpya uhesabu tena kabla ya kulipa, hata kama boksi limeandikwa vizuri.

Kwa kupasua mbao, kunoa nako hubadilika. Mnyororo wa kukata mti kwa kukingama hunolewa kwa pembe ya digrii 30 hivi. Wa kupasua kwa urefu, digrii 10 hivi, na ubao hutoka laini zaidi. Tupa ya duara ya milimita 4.8 ni ya 0.325, ya 5.5 inafaa 0.404. Anayepasua mvule anoe mara nyingi, maana mti huo huficha madonge ya chokaa magumu kama jiwe.

Pinyo iliyochimbika nusu milimita ibadilishwe. Ikiachwa, italika mnyororo mpya kwa siku chache. Lama igeuzwe juu chini kila unapobadili mnyororo, na mfereji wake usafishwe pamoja na tundu la mafuta. Mafuta machafu yaliyotolewa kwenye magari ni mepesi mno, hayashiki kwenye mnyororo, na yanadhuru ngozi. Na ribiti iliyotoka isizibwe kwa msumari, hata kama zimebaki mbao tatu tu. Mtu yeyote asisimame kwenye mstari wa lama mashine inapokata.

Anayetumwa Kadutu abebe mnyororo wa zamani ndani ya mfuko, na namba tatu kwenye karatasi. Akiweza, abebe na lama yenyewe.